Lami Ipimwe Kabla Lori Halijaipima

Alasiri moja ya masika msafara wetu ulikuwa ukishuka mteremko mrefu katika barabara kuu ambayo haikuwa imetimiza hata miaka mitatu tangu ifunguliwe. Lami haikuwa na shimo hata moja, na kwa mbali iling'aa kama nguo mpya. Lakini mahali yapitapo magurudumu ya malori kila siku palikuwa pamebonyea, ikapatikana mifereji miwili sambamba, na mvua iliyonyesha punde ilikuwa imeijaza maji. Dereva wa lori la pili, sajenti mwenye uzoefu wa miaka mingi, alijaribu kutoka katika mfereji ili ampishe mwendesha bodaboda. Lori lilikataa, kisha likakubali kwa ghafla, likazunguka, likasimama limeelekea kule tulikotoka. Mwenyezi Mungu alitunusuru, hakufa mtu. Nilipomwendea yule sajenti aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Afande, mle ndani si mimi niliyekuwa nikiendesha. Mfereji ndio uliokuwa ukiendesha."

Taarifa iliyoandikwa baadaye ilitaja mwendo na mvua. Haikutaja lami. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba tamko fupi lililotolewa kwa umma niliandika mimi, na mimi pia nilitaja mvua na kunyamaza juu ya lami, kwa kuwa sikujua la kusema juu yake. Katika shule ya kadeti tulifundishwa kuitazama barabara kama njia ya kusogeza vikosi: upana wake, madaraja yake, mahali pa kujificha. Hatukufundishwa kuuliza kama ile ngozi nyeusi ya juu iliwahi kujaribiwa kabla ya kukabidhiwa uzito wetu. Makala haya ni malipo ya deni lile kwa sajenti.

Ninalotaka kusema ni jambo moja. Barabara ya lami, kama alivyo kuruta, hapana budi ipimwe kwa joto na mzigo inaotarajiwa kuukabili, na ipimwe kabla ya kufunguliwa. Na sisi tuvaao sare, askari na polisi, tumo ndani ya kipimo hicho tupende tusipende, ama kwa kukilinda au kwa kukiharibu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Shimo katika barabara ni adui aliyesimama wazi, nawe humwona na kumkwepa. Mfereji wa magurudumu ni adui aliyejificha. Mchana wa jua dereva hauoni kwa urahisi, ila huhisi usukani ukivutwa. Mvua inaponyesha, maji ambayo yangetiririka kwenda pembeni hunaswa ndani ya mfereji. Gari liendalo kwa kasi hupanda juu ya utando wa maji, tairi likaacha kuigusa lami, na wakati huo breki na usukani havina tena mamlaka. Mwendesha pikipiki anayekata ukingo wa mfereji huo huanguka hata bila maji. Kwa hiyo anayesema kwamba mfereji wa sentimita mbili ni jambo dogo hajawahi kuendesha lori lenye askari thelathini nyuma usiku wa mvua.

Mifereji hii haina chanzo kimoja, na jicho la askari lililozoea kusoma nyayo laweza kujifunza kuitofautisha. Ikiwa mfereji ni mwembamba, na pembeni mwake lami imeinuka kama matuta ya shamba, basi aghalabu kosa limo katika lami yenyewe: imekandamizwa, ikakimbilia pembeni kama tope chini ya buti. Ikiwa mfereji ni mpana, umedidimia taratibu kama sahani wala hauna matuta, basi huenda udhaifu umo chini, katika tabaka la kokoto au katika udongo ulionyweshwa maji. Ugonjwa huu wa pili hautibiwi kwa kuongeza lami juu. Huo ni sawa na kumpaka dawa ya ngozi mtu aliyevunjika mfupa. Katika makala haya nazungumzia zaidi ule wa kwanza.

Kile tunachokiita lami kwa neno moja ni vitu viwili. Kuna lami yenyewe, ile gundi nyeusi itokayo katika mafuta ya petroli, na kuna zege la lami, yaani gundi hiyo iliyochanganywa na kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Gundi ni sehemu ndogo tu ya mchanganyiko, takribani kilo 5 katika kila kilo 100, lakini tabia yake ndiyo inayotutesa. Ikiwa baridi sana huvunjika, ikipata joto hulainika. Maabara huipima kwa sindano yenye mzigo wa gramu 100, inayoachwa juu ya lami yenye joto la nyuzi 25 za sentigredi kwa sekunde 5. Lami iitwayo 60/70 ni ile ambayo sindano huingia kati ya milimita 6 na 7. Lami hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hivi. Sasa fikiri: katika nchi zetu barabara nyeusi iliyolala juani mchana kutwa yaweza kukaribia nyuzi 60. Saa hiyo gundi peke yake haiwezi kulibeba lori.

Ni nini basi kinacholibeba? Ni mawe. Kokoto zilizopondwa, zenye kona kali, hushikana kama askari waliofungamanisha mikono kuzuia umati. Kokoto za mviringo na mchanga laini wa mtoni hazishikani, huteleza moja juu ya nyingine kama gololi mfukoni. Tena kati ya mawe hayo lazima zibaki nafasi ndogo za hewa. Wahandisi hukusudia nafasi za hewa zipatazo asilimia 4 hivi katika mchanganyiko. Malori yakiendelea kushindilia mpaka nafasi hizo zikashuka chini ya asilimia 3, gundi iliyolainika hukosa pa kwenda, huyasukuma mawe yaachane, na mawe huelea ndani yake kama maharagwe katika mchuzi. Toka hapo barabara haibebi tena, hutiririka. Anayeongeza lami kidogo ili kazi ionekane nyeusi na ya kupendeza siku ya ufunguzi, ndiye huyo huyo anayechimba mfereji wa mwaka wa pili.

Yafaa askari ajue kwamba kipimo kilichoenea kuliko vyote cha mchanganyiko huu kilikuzwa na jeshi. Alikibuni Bruce Marshall, mtumishi wa idara ya barabara kuu ya jimbo la Mississippi huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, wahandisi wa Jeshi la Marekani walihitaji njia nyepesi ya kuhakikisha kwamba viwanja vya ndege vya kijeshi havitabonyea chini ya ndege za mabomu zilizokuwa zikizidi kuwa nzito. Wakakichukua kipimo cha Marshall, wakakijaribu na kukiboresha katika kituo chao cha Vicksburg. Kazi yake ni hii: zege la lami moto hutiwa katika kopo la chuma lenye kipenyo cha inchi 4, hupigwa kwa nyundo ya kilo 4.5 iangukayo sentimita 45 hivi, mapigo 50 au 75 kila upande kadiri ya uzito wa magari yanayotarajiwa. Kisha kitonge hicho hulowekwa katika maji ya nyuzi 60, na hubanwa ubavuni mpaka kishindwe. Nguvu kilichostahimili na kiasi kilichobonyea huandikwa.

Kipimo hicho ni chepesi, rahisi, na kingali kikitumika duniani kote. Lakini kina upungufu ambao askari ataufahamu mara moja. Kumbana mtu mara moja kwa nguvu si sawa na kumtembeza kilomita arobaini akiwa na mzigo mgongoni. Kitonge cha Marshall hubanwa mara moja, kikamaliza kazi. Barabara hubanwa mara elfu mia, na kila mara hubaki na kovu dogo lisiloonekana. Kuna michanganyiko iliyofaulu mtihani wa kubanwa mara moja, kisha ikashindwa na safari ndefu. Kwa sababu hiyo wahandisi wa nchi mbalimbali walibuni mashine ambazo huipeleka lami katika matembezi ya kweli, gurudumu likipita juu yake, likarudi, likapita tena.

Mmojawapo wa mitambo hiyo ulitoka katika mji wa Hamburg, Ujerumani, na hujulikana kwa jina la mji huo. Gurudumu la chuma lenye upana wa milimita 47, kama vidole vitatu vya mtu mzima, hukandamizwa juu ya sampuli kwa nguvu ya nyutoni 705. Huo ni uzito wa askari mmoja wa kilo 72 aliyesimama juu ya gurudumu lile. Sampuli imelala ndani ya maji ya moto, kwa kawaida nyuzi 50. Gurudumu hupita mara 52 hivi kwa dakika, na mashine huhesabu mpaka mapito 20,000, kazi ya saa sita na nusu, huku ikiandika kina cha mfereji pito kwa pito. Katika jimbo la Texas sheria ya kupasi ni ya wazi: mfereji usizidi milimita 12.5. Mchanganyiko wenye lami ya daraja laini lazima uvumilie mapito 10,000 kabla ya kufika kina hicho. Wa daraja la kati lazima uvumilie 15,000, na wa daraja gumu 20,000.

Maji yale hayakuwekwa kwa mapambo. Mchanganyiko mwingine hubonyea polepole kwa mwendo wa namna moja, halafu ghafla mstari wa karatasi huporomoka kama mtu aliyekanyaga ukingo. Pale ndipo maji yalipofaulu kuivua gundi kutoka juu ya mawe. Jiwe lililovuliwa lami yake halina tena ndugu, na zege lote hugeuka changarawe. Katika nchi zenye misimu miwili ya mvua, kama zile zinazolizunguka ziwa letu kuu, habari hii ina thamani kuliko dhahabu, maana hutuambia leo katika chumba cha maabara lile ambalo barabara ingetuambia baada ya masika mawili, kwa ajali.

Wafaransa wao hutumia tairi la mpira lililojazwa upepo, juu ya kipande cha lami chenye joto la nyuzi 60, na kwa michanganyiko ya kazi nzito huhesabu mpaka mizunguko 30,000. Waingereza waliofanya utafiti katika nchi za joto walitoa mwaka 2002 mwongozo uitwao ORN 19, nao unashauri njia ambayo haihitaji hata mashine ya gurudumu kwa barabara zenye malori mazito na mwendo wa polepole: mchanganyiko ushindiliwe mpaka ukatae kushuka zaidi, kisha itazamwe kama bado zimebaki nafasi za hewa zisizopungua asilimia 3. Zikiwa zimebaki, lori halitaweza kuushindilia zaidi ya hapo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba nchi maskini haiwezi kupima. Umaskini waweza kumnyima mtu mashine, lakini haumnyimi nyundo.

Lakini kipimo lazima kilingane na mahali. Lami huchukia mambo mawili kwa pamoja, yaani joto na mzigo usioondoka haraka. Lori likikimbia, gurudumu hugusa kila sehemu kwa muda mfupi mno, nayo lami hujibu kama kitu kigumu. Lori likitambaa mlimani, au likisimama, lami hupata muda wa kukubali kusukumwa. Kwa sababu hiyo mifereji mibaya huonekana kwenye miinuko, kwenye vituo vya mabasi, kwenye mizani na mipakani. Wasomaji wanakumbuka Januari 2022, wakati foleni ya malori katika mpaka wa Malaba ilipoenea kwa kilomita nyingi. Kila lori lililokaa pale juani lilikuwa likiifanyia lami mtihani mkali kuliko wa lori lipitalo mbio. Mahali kama hapo pastahili mchanganyiko wake, na mtihani wake, si ule ule wa barabara ya tambarare.

Sasa nije kwenye historia ambayo kila dereva wa jeshi angependa kuisikia. Karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani ilijenga barabara za mizunguko zisizokwenda popote, kwa ajili ya kuziharibu makusudi. Tangu Oktoba 1958 mpaka Novemba 1960 malori yaliyopakiwa uzito mbalimbali yalizunguka juu yake mpaka zikatimia ekseli 1,114,000. Ekseli nyepesi ilikuwa ya ratili 2,000 na nzito ya ratili 30,000, yaani karibu tani 14. Na walioendesha malori yale walikuwa askari wa Jeshi la Marekani. Vijana hao walizunguka usiku na mchana, kiangazi na baridi, bila kufika mahali, ili dunia ijue kwa hesabu jinsi mzigo unavyoiua barabara. Kuna medali za kila namna, lakini sijui kama kuna iliyotolewa kwa kuzunguka miaka miwili mahali pamoja. Ilistahili kuwepo.

Walichokigundua wahandisi kutokana na jasho la askari wale hujulikana kama kanuni ya nguvu ya nne. Uzito wa ekseli ukiongezeka, madhara hayaongezeki kwa kiasi kile kile, bali kwa kiasi hicho kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Chukua ekseli ya tani 10 uifanye ya tani 12. Mzigo umeongezeka kwa moja ya tano tu, lakini madhara yamekuwa mara mbili na zaidi. Ifanye ya tani 15, na madhara ni mara tano. Nakubali kwamba hii si sheria ya Musa. Namba hiyo ya nne hubadilika kadiri ya aina ya barabara na aina ya uharibifu. Lakini mwelekeo wake haupingiki: lori moja lililozidisha hufanya kazi ya uharibifu ya malori kadhaa yaliyotii.

Hapa ndipo polisi wa mizani anapoingia katika maabara, ingawa hajui kwamba ameingia. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na trela, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Mhandisi aliyeupima mchanganyiko wake aliupima kwa imani kwamba mizigo itakaa karibu na vikomo hivyo. Konstebo anayepokea noti iliyokunjwa na kumwachia dereva apite na tani 15 kwenye ekseli, anaifuta kazi yote ya maabara kwa dakika moja. Hakuuza ruhusa ya lori moja. Ameuza miaka ya barabara, na huenda ameuza uhai wa askari mwenzake atakayepita hapo usiku wa mvua. Nasema hivi bila kuwatukana polisi wengi waaminifu wanaosimama juani kutwa nzima wakitishwa na wenye mali. Hao ndio wapimaji wa mwisho, nao wastahili heshima ya mpimaji.

Wala sisi wa jeshi tusijitoe. Kifaru cha T-55 kina uzito wa takribani tani 36 kabla hakijapandishwa juu ya trela, na trela na kichwa chake zina uzito wake. Iwe sheria inatubana au inatusamehe, lami haijui sare. Haimtambui kanali wala kuruta, hutambua tani na nyuzi za joto tu. Ikiwa hakuna haraka ya vita, kuna ubaya gani mizigo mizito ikasafirishwa usiku, lami ikiwa imepoa? Kuna ubaya gani ofisa usafirishaji akagawa mzigo sawasawa kwenye ekseli badala ya kurundika masanduku ya risasi nyuma kwa sababu ndiko mlango uliko? Hayo hayahitaji fedha ya kigeni, yahitaji nidhamu, na nidhamu ndiyo mali tunayodai kuwa nayo kuliko raia.

Nije kwenye sampuli. Katika kazi ya upelelezi polisi anajua kwamba kisu kilichookotwa penye tukio hakina maana mahakamani ikiwa hakijulikani kilipita mikono ya nani. Kielelezo hufungwa, hutiwa lakiri, huandikwa jina na saa. Sampuli ya lami nayo ni kielelezo. Mkandarasi asiye mwaminifu hahitaji kuidanganya mashine. Humpelekea mpimaji kitonge kizuri kilichopikwa kwa uangalifu, kisha barabarani humwaga kitu kingine. Mashine itasema kweli tupu juu ya kitonge, na uongo mtupu juu ya barabara. Dawa yake inajulikana: zege lichukuliwe kutoka katika lori linalomwaga, na baadaye vipande vikatwe kutoka katika barabara yenyewe, mahali palipochaguliwa bila mkandarasi kuchagua, na kila kipande kiwe na karatasi yake tangu kukatwa mpaka kufika chini ya gurudumu. Vikosi vya wahandisi wa jeshi vinapojenga barabara vyenyewe visijisamehe. Ni aibu kwa jeshi kupimwa na adui kabla halijajipima lenyewe, na mvua ni adui.

Nimesikia hoja za wanaopinga, nami sizidharau. Wa kwanza husema mashine hizi ni ghali. Ni kweli, wala si kila maabara inayo. Lakini barabara inayolazimika kukwanguliwa na kuwekwa lami upya kabla ya wakati wake ni ghali zaidi, na deni lake hulipwa na watoto wetu. Wa pili husema gurudumu la maabara si nabii, maana kuna mchanganyiko uliofaulu pale ukashindwa njiani. Hilo nalo ni kweli. Shabaha nzuri katika uwanja wa mazoezi haihakikishi shabaha nzuri vitani, lakini sijaona jeshi lililofuta uwanja wa mazoezi kwa sababu hiyo. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, husema ukiogopa mifereji kupita kiasi utapunguza lami na kuifanya kavu na ngumu, nayo itapasuka. Huyu amesema vema. Kwa hiyo kipimo cha mfereji kisisimame peke yake, kipimo cha mipasuko kiwe kando yake, kama vile askari hapimwi kwa kukimbia tu bali na kwa kulenga pia.

Wa nne husema: "Haya ni mambo ya wahandisi, askari yanamhusu nini?" Huyo namrudisha kwa sajenti wangu. Aliyekuwa ndani ya mfereji hakuwa mhandisi.

Basi napendekeza jambo dogo ambalo haligharimu chochote. Katika taarifa ya ajali, pale polisi anapoandika hali ya hewa, mwanga na breki, aongeze mstari mmoja: kina cha mfereji. Kifaa chake ni ubao ulionyooka wa mita mbili ulazwe kukatisha njia ya magurudumu, na rula isimamishwe chini yake mahali palipo na kina zaidi. Mtu mmoja, dakika tatu. Aandike milimita alizoziona, na kama pembeni kuna matuta au hakuna. Taarifa mia moja za namna hiyo zikikusanywa kutoka katika barabara moja zitakuwa ushahidi ambao mkandarasi wala waziri hawezi kuupuuza, na zitamrudishia mhandisi majibu ya mtihani alioufanya au alioukwepa. Nasi maofisa uhusiano, tunapoandika tamko, tuutafute mstari huo kabla ya kuilaumu mvua. Mvua hunyesha juu ya barabara nzuri na mbaya sawasawa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika lami hata ufa haungojwi. Ukuta hupimwa kabla ya kujengwa, saa sita na nusu chini ya gurudumu la chuma, ndani ya maji ya moto, mahali ambapo hakuna anayekufa. Tukikataa kulipa saa hizo, barabara itafanya mtihani wake yenyewe, na vitonge vitakuwa ni sisi. Sajenti yule bado anaendesha. Juma lililopita nilimwonyesha ubao wangu wa mita mbili. Aliutazama, akaugeuza, kisha akaniuliza kama ungeweza kutosha nyuma ya kiti chake.